Kito cha Mama

"Huo. Rudi juu kidogo. Hapana, umeupita."

Fundi wa chapa alirudi juu. Kwenye kioo cha kompyuta maneno yaleyale matatu yalipanda na kushuka yakiwa yamebadilisha mavazi: hapa yamenenepa kama mikate, pale yamekonda na kusimama wima kama njiti za kiberiti, kwingine yamejikunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa. Kito cha Mama. Kito cha Mama. Kito cha Mama. Mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Shanga alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha fundi tangu duka lifunguliwe, mkoba kifuani, na macho yalishaanza kumwasha.

"Huu je?"

"Huo unafanana na wa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi."

"Na huu?"

"Huo wa harusi."

"Kwani shanga zako si za harusi?"

"Za harusi, za kazini, za kwendea sokoni. Nikiweka mwandiko wa harusi, wa sokoni hatanunua."

Fundi alishusha pumzi kwa pua. Alikuwa mtu mpole, lakini hata upole una mpaka wake, na nyuma ya Bi Shanga foleni ya watu wa kutoa nakala ilikuwa imefika mlangoni. Mwanamume mmoja mwenye bahasha kwapani alisema bila kumwambia mtu, "Wengine tumekuja na karatasi moja tu."

"Dada," fundi akasema, "hizi fonti zipo mamia. Tukizipitia zote tutazeekea hapa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini wewe leo umekuja na za watu wote."

Foleni ikacheka. Bi Shanga naye akacheka kidogo, cheko la mtu ambaye hana pa kwenda. Hakuwa na kawaida ya kuchagua-chagua. Angechagua kitambaa cha gauni kwa muda wa kumeza mate. Lakini wiki iliyopita alikuwa amekwenda kwenye duka la zawadi lililo jirani na hoteli, akamwonyesha mwenye duka mkufu wake bora. Mwenye duka aliuweka kiganjani, akausifu, akaugeuza upande wa pili. Kisha akakishika kile kikaratasi cha jina kilichoning'inia, kilichochapwa kwa herufi zile zinazokuja na kila kompyuta, akakishika kwa ncha za vidole viwili.

"Mkono wako mzuri," alisema. "Lakini hiki, dada yangu, kinafanana na tangazo la mbuzi aliyepotea."

Msichana wa kaunta alicheka mpaka akageukia ukutani. Mwenye duka hakusema kwa ubaya. Alikuwa na rafu moja tupu kwenye dirisha la mbele, na waliokuwa wakiitaka walikuwa wawili, Bi Shanga na mtengeneza sabuni. Ijumaa alete mzigo wenye lebo za kueleweka, rafu ni yake. Asipoleta, sabuni nazo zinanukia vizuri.

Kwa hiyo alisimama pale, foleni imlaani ikitaka.

"Simama hapo," akasema ghafla. "Usiguse kitu."

Mwandiko ule ulikuwa umechipua. Hakuona neno jingine la kuueleza. Kila herufi ilikuwa na shina na vikonyo. K ilirusha mguu wake mbele kama mtu anayeruka kijito, M zilishikana mikono, na ile t ya katikati ilikuwa imeinamisha kichwa mbele taratibu, kama ua lililoelemewa na umande. Kwa mara ya kwanza aliliona jina lake likifanana na kitu kilichotengenezwa na mtu aliyeketi akakifikiria.

"Huo?" fundi akauliza, kama mtu anayeogopa kuamini.

"Huohuo."

Fundi akaukuza, akautoa kwenye karatasi ndefu, akaikunja na kumpa. "Kautundike mahali uutazame kwa mbali. Kizuri cha karibu huenda kisiwe kizuri cha mbali. Ukiridhika nipigie simu, nichape lebo zote." Kisha akageukia foleni haraka, kabla mteja wake hajabadilisha mawazo. "Haya, wa bahasha."

* * *

Nyumbani, mama mkwe alikuwa dirishani akiviringisha shanga. Kazi yenyewe ni rahisi kuielewa na ngumu kuifanya. Unachukua gazeti la zamani lenye kurasa za rangi, au kalenda ya mwaka uliopita, unalikata vipande virefu vilivyo vipana upande mmoja na vyembamba upande wa pili. Unaanza na upande mpana, unauviringisha kwenye sindano ya kufumia, na ukifika mwisho unatia gundi. Ukiichomoa sindano, una ushanga. Halafu vanishi. Mikono ya Bi Shanga ilikata vizuri, lakini iliviringisha kwa haraka na shanga zake zilitoka zimelegea. Za mama mkwe zilikaza kama mbegu.

Tena mama mkwe hakuviringisha kipande asichokisoma. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni, pamoja na wanawake waliokuja na watoto mgongoni, na tangu hapo hakuruhusu maandishi yampite bila salamu. "Huu una bei ya saruji," angesema, akiviringisha. "Huu una waziri. Nusu tu, kichwa kimebaki kwenye kipande kingine."

Mume wa Bi Shanga alirudi kula mchana, bado ana vumbi la duka la vifaa vya ujenzi alikopima misumari na kukata waya. Mkewe alimfungulia ile karatasi mezani kabla hajanawa, nyuma ya mgongo wa mama mkwe.

"Unaonaje?"

"Nzuri."

"Kulikuwa pia na mwingine, mnene. Na mmoja umekonda."

"Yote sawa."

"Sikuulizi kama yote sawa. Nakuuliza upi."

"Huo uliouchagua."

"Na kama ningechagua ule mnene?"

"Basi huo mnene." Alivuta sahani. "Mke wangu, mimi nauza misumari. Msumari ni inchi tatu au inchi nne. Haya ya maua mimi sina ninalojua."

Bi Shanga alishaijua ile "yote sawa". Lilikuwa jibu la mtu asiyetaka kulaumiwa, na nyumba yao ilikuwa imejaa majibu ya namna hiyo. Hata jina la biashara lilitoka huko. Siku walipokuwa wakilitafuta, ni yeye mume aliyesema Kito cha Mama. Mkewe alipomuuliza chumbani, "Mama yupi?", alijibu, "Si wewe, mama wa binti yangu?" Na mama yake alipomuuliza jikoni, "Mama yupi?", alijibu, "Kwani mimi nina mama mwingine?" Kila mmoja akalipokea jina kama zawadi yake peke yake, na nyumba ikakaa kwa amani.

Akaichukua karatasi yake, akaibandika kwenye mlango wa mbele kwa nje, akavuka barabara. Akasimama karibu na ukuta wa jirani, akageuka, akatazama. Kwa mbali mwandiko ulipendeza zaidi. Ule mlango wenye rangi iliyobanduka ulifanana na mlango wa mahali fulani. Alisubiri mpaka moyo ukatulia, kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba kitu ukikipenda ghafla ni bora ukitazame mara ya pili. Akakitazama mara ya pili. Kisha akatoa simu.

"Fundi, chapa."

"Zote?"

"Zote."

Alirudi ndani kwa mlango wa nyuma, akaingia jikoni kuosha vyombo, na kwa mara ya kwanza wiki ile akawa anaimba kwa kufumba midomo.

* * *

Fundi viatu wa pale kona alikuja mlangoni kofia ikiwa mkononi. Mtu huyu kwa kawaida havui kofia hata mvua ikivuja ndani yake. Hakubisha hodi kwa sauti. Aligonga kwa kifundo cha kidole kimoja, akachungulia, akamwona mume wa Bi Shanga anakunywa maji ya mwisho kabla ya kurudi kazini.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema chinichini. "Nimeiona sasa hivi. Ilikuwa lini?"

"Lini nini?"

"Mama."

"Mama yupi?" Mume aliuliza kwa mazoea tu.

"Mama yupi tena? Mama." Fundi viatu alimshika bega. "Jana tu alinipa ndala nishone, na bado ninazo. Nikasema moyoni, sasa hizi nitampa nani?"

"Nipe mimi," sauti ikatoka dirishani.

Mama mkwe alikuwa amekaa palepale, ameupa mlango mgongo, sindano mkononi. Aligeuka taratibu. Fundi viatu alirudi hatua moja, akaivaa kofia, akaivua tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Mama, mimi... imeandikwa hapa mlangoni."

Mama mkwe aliweka sindano, akatafuta miwani kichwani na kuikuta shingoni, akatoka nje. Alisimama mbele ya karatasi. Aliinua kidole akakipitisha chini ya maneno, kama alivyofundishwa, bila kuruka.

"Ki," alisema. "Fo. Kifo. Cha. Ma-ma."

Akarudi kukipitisha tena tangu mwanzo. Karatasi haikubadilika.

"Mama, umesoma vibaya," mwanawe akasema nyuma yake, na hapo ndipo alipoharibu. "Ni kito."

"Na huyu naye amesoma vibaya?"

"Huyu ni fundi viatu."

"Fundi viatu, lakini macho ninayo," fundi viatu akasema.

Bi Shanga alikuwa ametoka jikoni na povu mikononi. Aliwasikia nusu, akaitazama karatasi yake, na hakuona kitu ila kito. Alitazama kwa nguvu zaidi. Kito. "Ni t hiyo, mama. Imepambwa tu. Ndio mtindo wake."

"Herufi nazijua."

"Sijasema hujui. Labda hiyo miwani, ni ya siku nyingi..."

Alijisikia mwenyewe akilisema, na lilishatoka. Mama mkwe alipita katikati yao akarudi dirishani, akaichukua sindano ya kufumia, akaifuta gundi kwa kitambaa, akaitia kwenye kopo, akafunika kifuniko.

"Basi mtafuteni anayejua kusoma," alisema, "awaviringishie."

Fundi viatu aliaga kwa kuinamisha kichwa tu. Kufika kona alikuwa amemweleza muuza maji, na muuza maji hutembea. Kito kilikuwa na mama wawili wa kukigombea kwa upole. Kifo kilipata mmoja, na mtaa mzima ulimjua ni nani.

* * *

Dada wa mume alifika kabla jua halijapoa. Alisimama mlangoni akihema, akaisoma ile karatasi kwa sauti kubwa ili nyumba za jirani nazo zipate haki yao, kisha akaibandua na kuingia nayo.

"Wifi, nieleze. Labda mimi ndiye mjinga."

"Ni kito, wifi."

"Nimeambiwa ni kifo na mimi nimeona kifo. Watu wanamtakia mama maisha marefu, wewe unamwandikia mlangoni. Si ungesema tu chumba kinakubana?"

"Wifi, mimi na mama tunakaa meza moja tangu asubuhi hadi jioni. Ningekuwa na neno ningemwambia, nisingelipeleka kwa fundi wa chapa nikalilipia."

"Umelipia?"

"Nimelipia."

"Kumbe pesa mnazo." Wifi akaketi. "Mimi nilipokuja kuomba ile ya ada mliniambia mambo magumu. Kumbe magumu yalikuwa yananunua maua ya kuchora."

Mume, aliyekuwa amerudi kazini na kurudi tena kwa kuitwa, alisema, "Jamani, yote haya ni..." Mkewe akamgeukia haraka, naye akalimeza neno la mwisho.

Bi Shanga alihisi uchovu ukimpanda kutoka miguuni. Watu wote waliokuwa chumbani mle walikuwa na maoni kuhusu mwandiko ambao hakuna aliyekubali kuuchagua pamoja naye. Alitamani kulia na alitamani kucheka, na kwa kuwa hakuna kimojawapo ambacho kingesaidia, alianza kuokota ncha za karatasi zilizoanguka chini ya meza.

"Wewe," mama mkwe akamwambia binti yake, "ulisoma kifo kwa macho yako?"

"Ndiyo, mama."

"Au ulisoma ulichoambiwa kwa simu?"

Wifi akaitazama tena karatasi iliyokuwa mkononi mwake.

"Ulipofika pale mlangoni ulijua unachokuja kusoma. Huyu naye anajua alichoandika, ndicho anachosoma. Mimi peke yangu, na yule fundi viatu, tumesoma kilichopo." Alivua miwani akaifuta kwa pindo la nguo. "Mimi sijasema mkwe wangu ananiombea kifo. Kifo changu hakihitaji mwandiko mzuri, kitakuja na ule wa kawaida. Mimi nimeambiwa sijui kusoma. Ndani ya nyumba hii, na watu ambao kila siku nawasomea bei ya saruji. Hilo ndilo nimelishika. Haya, nenda kwako, watoto wako hawajala."

Wifi aliondoka akiwa na hasira pungufu kuliko alizokuja nazo, jambo ambalo hakulipenda. Mama mkwe akaingia chumbani kwake. Kopo lenye sindano lilibaki dirishani, limefunikwa.

* * *

Asubuhi Bi Shanga alimkuta fundi wa chapa akifungua duka. Boksi la lebo lilikuwa tayari kwenye kaunta, limefungwa kwa kamba. Fundi alilipigapiga kama mtu anayempongeza ng'ombe.

"Umeona? Hatuchelewi."

"Fundi, andika neno moja kwenye hiyo fonti yangu. Andika kifo."

Fundi alimtazama. "Dada, asubuhi hii?"

"Andika tu. Halafu pembeni yake andika kito."

Akaandika. Maneno mawili yakakaa kando kwa kando, yamechipua yote mawili, yameinamisha vichwa yote mawili. Bi Shanga alisogea mpaka pumzi yake ikagusa kioo. Akasogea nyuma. Akafunika la kwanza kwa kiganja, kisha la pili.

"Langu ni lipi?"

"La kushoto," fundi akasema. Kisha akakuna kidevu. "Ngoja. Nilianza na kifo. Kwa hiyo lako ni la kulia." Akainama. "Nadhani."

Mtu wa kwanza wa kutoa nakala aliingia, akasubiri, akakohoa.

"Badilisha hiyo t tu," Bi Shanga akasema. "Nyingine ziache."

"Dada, fonti ni kama seti ya vikombe. Huwezi kununua kishikio. Ningeweza kuchukua t kutoka fonti nyingine, lakini itakaa hapo kama mgeni asiyeitwa. Na hizi ulisema nichape. Nilikuuliza, zote? Ukasema zote."

"Nilisema."

"Kuchapa upya ni karatasi upya na wino upya. Ningekuwa na uwezo ningekusaidia."

"Najua."

Hakumlaumu, na hilo lilimchosha zaidi, maana lawama angalau ingempa mtu wa kubeba upande mmoja wa boksi. Pesa ya kuchapa upya haikuwapo. Iliyokuwapo ilikuwa ya vanishi na kulabu za hereni, na bila hizo hakuna cha kuwekea lebo. Alimwomba fundi amtolee kile kipande chenye maneno mawili. Akakikunja, akakitia kwenye mkoba, akajitwisha boksi lake la vifo.

* * *

Nyumbani alianza na wembe. Aliegemeza lebo ya kwanza kwenye ubao, akakwangua kile kichwa cha t kilichoinama mbele. Wino ulitoka, na karatasi ikatoka nao. Ya pili ilitoboka. Ya tatu ikafanya doa. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake dirishani, mikono mapajani, anatazama nje. Kopo halikuguswa.

"Unatoboa," alisema baada ya muda, bado anatazama nje.

"Najua natoboa, mama."

"Mbona unachimba kama mtu anayetafuta maji?"

Bi Shanga aliweka wembe chini. Akatoa kile kipande mkobani, akakisogeza mezani mpaka kikafika mbele ya mama mkwe. "Mama, nisomee hapa."

Mama mkwe alisita, akavaa miwani. Kidole kikapita chini ya neno la kwanza, kikapita chini ya la pili. Kikarudi.

"Hiki ni kifo," akasema. "Na hiki ni kifo."

"Kimoja ni kito. Nilisimama pale dukani nikashindwa kujua ni kipi. Fundi mwenyewe ameshindwa." Sauti yake ilikuwa kavu. "Ulisoma kilichoandikwa, mama. Na mimi nikakuambia habari za miwani. Nisamehe."

Mama mkwe alichukua lebo moja kwenye boksi, akaisogeza kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku.

"Ni mzuri lakini," alisema. "Mwandiko wenyewe."

"Mzuri sana," Bi Shanga akasema, na hapo ndipo alipokaribia kulia.

"Chanda chema huvikwa pete. Huu umevikwa pete tano kwenye kidole kimoja." Mama mkwe aliinama chini ya meza, akaokota ncha moja ya karatasi katika zile walizokuwa wakizitupa kila siku, ncha nyekundu, ndogo kama punje ya mchele. Akaitia gundi kwa kijiti. Akaishusha juu ya kile kichwa kilichoinama, akaibonyeza kwa ukucha. Kichwa kikapotea. Pakabaki shina limesimama wima, na mkono wake wa katikati, na juu yake kitone chekundu.

Alipitisha kidole. "Ki. To." Akaiweka upande wa kulia. "Kito."

Bi Shanga aliitazama. Haikuwa ile aliyoichagua. Lile ua lililoelemewa na umande lilikuwa limekatwa shingo, na atalikata mara nyingi kama lebo zilizomo boksini. Lakini kitone kile kiling'aa, na mtu asiyejua angedhani kiliwekwa kwa makusudi.

"Ijumaa hatutafika," akasema.

"Kama utakaa unaitazama, hatutafika."

Wakaanza. Bi Shanga alikata ncha, mama mkwe alibandika. Kila lebo ilisomwa kabla ya kwenda upande wa kulia, wala mama mkwe hakukubali kufupisha. "Ki-to. Ki-to. Hii umeikata kubwa, imekuwa kio, ikate upya. Ki-to."

Mume alirudi kula mchana akakuta meza haina nafasi ya sahani. Alisimama nayo mkononi.

"Njoo hapa," mama yake akamwambia. "Hiki kito ni cha mama yupi?"

Alimtazama mama yake, akamtazama mkewe. Wote wawili walikuwa wameacha kazi wanamsubiri. Mdomo ukafunguka, na Bi Shanga aliiona ile "yote sawa" ikija kama basi lililochelewa.

"Nilikwambia ni wewe," akasema mwishowe. "Na yeye nikamwambia ni yeye. Nilitaka tulale."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mama yake akasema. "Wewe kimekuumbua mlangoni pako, mbele ya fundi viatu." Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka bila sauti, kwa muda mrefu, hadi miwani ikamshukia puani, na Bi Shanga naye akamezwa na kicheko hichohicho, kicheko chenye hasira ndani yake. Mume alisimama na sahani yake akisubiri waishe.

"Na nani alisema mimi sijui kusoma?" mama akauliza alipotulia.

"Mimi, mama," mwanawe akasema.

"Haya. Weka sahani chini, unawe, ukate ncha. Ndogo. Wewe si mtu wa inchi? Hizi hazifiki hata robo."

Alikata vibaya, wakamfokea wote wawili, akakata tena. Kazini alirudi amechelewa na gundi kwenye nyusi, na hakuna aliyemwambia.

Jioni mwanga wa dirishani ulipoanza kukimbia, mama mkwe alivua miwani na kukunja vidole vilivyokufa ganzi. Upande wa kulia rundo lilikuwa limepanda. Upande wa kushoto lilibaki jingine, si dogo. Shanga za mikufu miwili zilikuwa hazijaviringishwa, na vanishi haijanunuliwa. Alinyoosha mkono dirishani, akalifunua lile kopo, akaitoa sindano na kuiweka mezani mahali pake, tayari kwa asubuhi.

"Tuendelee kidogo," Bi Shanga akasema. "Bado naona."

"Huoni. Utabandika kitone kwenye M." Mama mkwe alizikusanya zile lebo za kushoto, akazipanga sawasawa kwa viganja kama karata, akazifunika kwa boksi lao ili vumbi lisizipate. Akakigusa kiti kwa mkono mmoja, akainuka.

"Kifo changu kimebaki hapo," alisema. "Asikiguse mtu. Nitakimaliza mwenyewe kesho."